Kunasa, kupima na kuhesabu panya na virukanjia Nyanda za Juu Kusini: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua ni wanyama gani wadogo wanaoishi ukingoni mwa msitu au shambani, na wako wangapi. Umeandikwa kwa mazingira ya Rungwe, Kitulo, Mufindi na Udzungwa, nchini Tanzania: miteremko mikali, baridi na mvua nyingi. Jambo moja liweke kichwani kabla ya kununua hata mtego mmoja. Mizani ikikosea utaigundua na kuirekebisha, lakini ukitega mahali pasipofaa hakuna hesabu ya ofisini itakayokuokoa. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu.

Hatua ya 1: Vibali

Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kitulo ni hifadhi ya taifa, hivyo nenda TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Msitu wa Mazingira Asilia wa Mlima Rungwe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Mashambani, anza kwa afisa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, kisha mwenye shamba mwenyewe. Mwenye shamba asipojua kinachoendelea, mitego itang'olewa, na ana haki ya kuing'oa.

Hatua ya 2: Amua sampuli yako ni nini

Tuseme unataka kulinganisha msitu wa Rungwe na mashamba ya viazi ya Isongole. Wanafunzi wengi huweka gridi (mraba wa mitego iliyopangwa kwa mistari) moja msituni na moja shambani, mitego 49 kila upande, halafu wanaandika kwamba wana sampuli 98. Hapana. Wana sampuli mbili. Mitego 49 iliyo ndani ya gridi moja inawanasa majirani, wanaokula chakula kilekile na kukimbizwa na paka yuleyule. Unachopima hapo ni tofauti kati ya sehemu mbili, na sehemu yoyote mbili hutofautiana, hata zote zikiwa za msitu.

Kwa hiyo weka gridi nne kila upande. Tatu ndiyo chini kabisa. Ziachane angalau mita 300 ili panya mmoja asionekane kwenye gridi mbili. Kama mitego haikutoshi, punguza ukubwa wa kila gridi, usipunguze idadi ya gridi.

Mahali pa kuweka gridi pasichaguliwe kwa macho. Macho hupenda karibu na barabara na karibu na kambi. Gawanya ramani katika miraba, ipe namba, andika namba kwenye vikaratasi na upige kura. Mraba ukiangukia korongoni pasipofikika, andika kwamba umeuruka na sababu yake, kisha uchukue unaofuata.

Mwinuko una mtego wake. Rungwe mashamba yako chini na msitu uko juu. Ukilinganisha shamba la mita 1,700 na msitu wa mita 2,300, huwezi kusema kama tofauti imeletwa na kilimo au na baridi. Tafuta ukingo ambao shamba na msitu viko kwenye mwinuko mmoja au unaokaribiana, hata kama itakulazimu kutembea zaidi.

Muda nao ni hivyohivyo. Panya shamba huzaana kwa kufuata mvua, na idadi yao hupanda baada ya mavuno. Usitege msituni Machi na shambani Julai ukadhani unalinganisha mazingira. Tega pande zote mbili katika usiku uleule. Hilo linaondoa pia tatizo la mbalamwezi, kwa kuwa panya wengi hupunguza kutembea usiku wa mwezi mkubwa.

Hatua ya 3: Kupanga gridi

Gridi ya 7 kwa 7 yenye mita 10 kati ya mtego na mtego inawatosha watu watatu. Tumia kamba ya katani yenye fundo kila mita 10, na bendera za kitambaa zilizoandikwa A1 hadi G7. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 10 za ardhini ni mita 8.7 tu za usawa. Ukisahau hilo, utadhani eneo lako ni kubwa kuliko lilivyo na idadi kwa hekta itashuka. Shika kamba usawa, au andika mteremko wa kila mstari ili ukokotoe baadaye.

Mtego uwe ndani ya mita moja kutoka kwenye bendera, kando ya gogo, shina au njia ya panya unayoiona kwenye nyasi. Utulie ardhini bila kuyumba. Ukitikisika, panya anarudi nyuma. Inamisha mdomo chini kidogo ili maji yatoke, na ufunike juu kwa majani.

Mitego ya Sherman (boksi la alumini ambalo mlango hujifunga mnyama akikanyaga sahani ya ndani) ya sentimita 23 kwa 9 kwa 7.6 inafaa kwa panya wengi wa huku. Jaribu kila mmoja kwa kidole kabla ya kuupeleka: sahani ya ndani ifyatuke kwa mguso mwepesi, maana baadhi ya virukanjia hawafiki gramu 10.

Hatua ya 4: Chambo na malazi

Changanya karanga za kusaga na pumba za mahindi hadi ushike donge. Donge la ukubwa wa ncha ya kidole gumba linatosha. Liweke nyuma ya sahani. Likikaa juu yake au chini yake, mtego haufyatuki, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Vipande vya nazi iliyokaangwa na kupakwa karanga hudumu vizuri zaidi kwenye mvua. Ongeza kipande cha usipa mkavu, kwa sababu virukanjia hula wadudu na nyama na wengi wao hawajali karanga kabisa.

Weka nyasi kavu za kutosha ndani ya kila mtego. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 na Juni na Julai kuna jalidi. Panya wa gramu 30 akikaa usiku mzima ndani ya boksi la alumini tupu, asubuhi utamkuta amekufa. Pamba hufaa ikiwa kavu. Ikilowa ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu.

Hatua ya 5: Ndoo za kufukia

Mitego ya boksi peke yake itakudanganya kuhusu virukanjia. Fukia ndoo 11 za lita 15 hadi 20 kwa mstari, mita 5 kati ya moja na nyingine, mdomo ukiwa sawasawa na ardhi. Pitisha ukuta wa plastiki wa kimo cha sentimita 50 katikati ya midomo ya ndoo zote, upindo wa chini ukifunikwa na udongo. Mnyama akikutana na ukuta haurukii, anaufuata hadi anatumbukia. Toboa matundu madogo chini ya kila ndoo, la sivyo mvua ya usiku mmoja ya Tukuyu itazijaza. Ndani weka majani, nyasi kavu na wadudu wachache wa chakula. Ndoo hazihitaji chambo.

Njia hii ndiyo iliyofungua macho kuhusu misitu yetu. Kirukanjia wa Udzungwa, *Myosorex kihaulei*, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2000.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Kagua alfajiri na umalize kabla jua halijapanda, kisha kagua tena jioni. Shambani pasipo na kivuli, funga mitego mchana. Ndoo zikaguliwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa kirukanjia hula karibu muda wote na akikosa chakula saa chache hufa. Ukiona siafu, funga mitego yote ya sehemu hiyo mara moja. Wanamla mnyama akiwa hai, naye hana pa kukimbilia.

Kwa kila mtego andika hali yake: una mnyama, umefyatuka mtupu, chambo kimeliwa, au haupo. Wengi huandika wanyama tu, halafu hesabu inawashinda. Mfano: mitego 49 kwa usiku 3 ni usiku-mtego 147. Umenasa wanyama 23, na mitego 18 imefyatuka mitupu. Mtego uliofyatuka, uwe na mnyama au usiwe naye, haukufanya kazi usiku mzima, hivyo kila mmoja unapunguza nusu. 23 na 18 ni 41, nusu yake 20.5. Juhudi halisi ni 126.5, na mafanikio ni 23 kugawa kwa 126.5, yaani asilimia 18.2. Bila marekebisho ungepata 15.6. Mvua ikifyatua mitego mingi upande mmoja kuliko mwingine, tofauti hiyo inaweza kukupa hitimisho la uongo.

Vaa glavu na barakoa, na ukae upepo ukitoka mgongoni mwako. Mkojo wa panya hubeba ugonjwa wa leptospirosisi, na viroboto wao hubeba tauni. Baada ya kazi safisha mitego kwa JIK iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza vizuri, anika juani. Usiiloweke usiku kucha, JIK hula alumini.

Hatua ya 7: Vipimo

Zungushia mfuko mwepesi mdomoni mwa mtego, fungua mlango, na mnyama ataingia mwenyewe ukiacha upande wa mfuko uwe na giza. Pima uzito kwanza, mnyama akiwa ndani. Ukishamtoa, upime mfuko *tena*, si kuchukua uzito wake wa asubuhi, kwa sababu umeshalowa mkojo. Kwa kirukanjia wa gramu 8, gramu moja ya mkojo ni kosa kubwa. Mizani ya springi ya gramu 100 na nyingine ya gramu 300 zinatosha. Panya buku hupita kilo moja, ana mizani yake. Kila asubuhi rudisha sindano kwenye sifuri, kisha ujaribu kwa maji: mililita 20 kutoka kwenye bomba la sindano ni gramu 20.

Mkia: ukunje wima kutoka mgongoni, pima kuanzia pembe hiyo hadi mwisho wa nyama, usihesabu manyoya ya nchani. Ukiwa umekatika, andika "umekatika" na usiutumie kwenye wastani.

Mguu wa nyuma: kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Hapa ndipo data za watu wawili zinaposhindwa kuungana. Wamarekani kwa desturi hupima pamoja na ukucha, Waingereza bila ukucha. Chagua moja, andika juu ya kila ukurasa.

Sikio: kutoka kwenye pengo la chini hadi ncha. Urefu wa kichwa na mwili kwa mnyama hai hauaminiki, maana hujikunja na kujinyoosha. Mguu ndio kipimo cha kutegemea.

Jinsia: linganisha nafasi kati ya mkundu na kiungo cha uzazi, kwa dume ni ndefu zaidi. Andika pia kama korodani zimeshuka, kama chuchu zimevimba, kama ana mimba.

Sasa jipime wewe. Pima mguu wa wanyama 10, kila mmoja mara mbili, bila kutazama namba ya kwanza. Chukua tofauti ya kila jozi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 20, tafuta kipeuo cha pili. Jumla ikiwa 3.2, kosa lako ni milimita 0.4. Ukidai kwamba panya wa Mufindi na wa Rungwe wanatofautiana kwa milimita 0.3 za mguu, huna hoja.

Hatua ya 8: Alama na hesabu

Kwa kazi ya siku chache, punguza manyoya mahali palipopangwa. Kwa miezi, tumia kitambulisho cha sikioni. Mwachilie mnyama kwenye bendera ileile ulipomnasa.

Tuseme umewatia alama 24. Awamu ya pili umenasa 20, na 8 kati yao wana alama. Ongeza 1 kwa kila namba, kisha zidisha 25 kwa 21, gawa kwa 9, toa 1: unapata 57. Kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) hapo ni kama 11, na mara mbili yake kila upande ni 22, hivyo idadi halisi inaweza kuwa kati ya 35 na 79. Andika masafa hayo yote. Hesabu hii inadai kwamba hakuna aliyehama, kufa wala kuzaliwa kati ya awamu, na kwamba aliyenaswa mara moja haogopi mtego wala kuupenda. Awamu ziachane siku chache tu.

Hatua ya 9: Waliokufa

Usitupe. Mwaka 2005 kima kipunji alitangazwa kwa kutegemea picha. Ni kipunji aliyefia kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi Rungwe aliyewezesha jenasi mpya, *Rungwecebus*, kutambuliwa mwaka 2006.

Kipande cha ini kiingie kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo wake mara tano au zaidi. Mwili ukatwe tumboni kidogo, uingie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Formalini huharibu DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na ifungwe mguuni, kwa kuwa wino wa biro huyeyuka: namba, tarehe, mahali, mwinuko, majira ya GPS (namba zinazoonyesha mahali) na mfumo wa ramani uliotumika. Ramani za zamani za 1:50,000 zinatumia Arc 1960, na GPS yako WGS84. Tofauti ni karibu mita 300, inatosha kumhamisha panya kutoka msituni hadi shambani. Mbeya na Iringa mjini ziko kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda), ila Udzungwa ya mashariki iko kanda ya 37.

Siku ya mwisho hesabu mitego yote 49 ya kila gridi kabla ya kushuka, toa ndoo, na ufukie mashimo usiku haujaingia.