Jinsi ya kupokea na kufikisha taarifa ya ukatili dhidi ya mtoto katika shule ya msingi

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa shule za msingi za Tanzania Bara, hasa walimu wa malezi na ushauri nasaha, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule. Unahusu zaidi saa chache zinazofuata baada ya mtoto kukuambia, au kukuonyesha bila maneno, kwamba kuna mtu anamdhuru. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mara nyingi mtoto hakosi mtu wa kumwambia. Anachokosa ni mtu mzima anayejua la kufanya akishaambiwa. Saa hizo zikiharibika, daktari, polisi na mahakama huja kukuta ushahidi umepotea, mtoto amenyamaza na familia imekwisha kupatana na mtuhumiwa.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7, miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 24 waliohojiwa, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Mwalimu mwenye watoto 70 darasani asijiulize kama jambo hili litamfikia. Ajiandae kwa siku litakapomfikia.

Maandalizi yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Shule iwe na walimu wawili wa malezi, wa kike na wa kiume, na ni vema wanafunzi wenyewe wakaulizwa ni nani wanaweza kumwendea, kwa sababu mtoto hamwendei mtu kwa kuwa ameteuliwa kwa barua. Serikali imetoa mwongozo wa kuanzisha dawati la ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule, na walimu hawa wawili ndio wanaofaa kuwa mhimili wake. Wawe na kaunta buku moja inayofungiwa kabatini, na ndani ya mlango wa kabati hilo pabandikwe karatasi yenye namba za afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na kituo cha afya au hospitali inayoweza kupokea mtoto usiku. Namba 116, ambayo ni ya huduma ya simu kwa mtoto na haitozwi malipo, ibandikwe mahali watoto wanapoiona kila siku.

Dalili zipo, ingawa hakuna hata moja inayotosha peke yake. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri anaanza kusinzia. Mwingine haketi sawasawa kwenye dawati. Mwingine anakojoa darasani wakati umri huo umempita. Mwingine ana pesa au zawadi asizoweza kueleza zilikotoka. Mwingine anabaki shuleni jioni wakati wenzake wote wameshaondoka. Ukiona mabadiliko ya namna hiyo, andika tarehe na ulichokiona, kisha endelea kumwangalia kwa karibu bila kumtangaza mbele ya wenzake.

Kumsikiliza

Hapa ndipo walimu wengi tunapokosea, nami nilikosea. Miaka ya nyuma, katika shule ambayo sitaitaja, msichana wa darasa la tatu alinifuata wakati wa uji, akiwa ameshika kikombe chake cha plastiki kwa mikono miwili, akaniambia, “Mwalimu, mimi sitaki tena kwenda tuisheni.” Nilimuuliza kwa nini. Akasema, “Ananifanyiaga tabia mbaya.” Nilishtuka, na kwa mshtuko huo nikamuuliza maswali matatu kwa mpigo, yote yakiwa na majibu ndani yake: amekushika? amekuvua nguo? ni mara nyingi, siyo? Akaitikia yote kwa kichwa. Kisha nikamwita mwalimu mwenzangu aje asikie, naye akamwita mwingine, na kabla ya kengele ya kurudi darasani mtoto yule alikuwa ameshasimulia mara tatu mbele ya watu wazima wanne. Mara ya tatu uji ulikuwa umepoa kikombeni na yeye alikuwa anaangalia chini tu. Alipofika polisi hakutamka neno.

Tangu siku ile nimejifunza kufanya hivi. Mtoto akianza kusema, acha ulichokuwa unafanya na ukae, kichwa chako kilingane na chake. Nendeni mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Chini ya mwembe uani ni bora kuliko ofisi iliyofungwa mlango. Maneno yako ya kwanza yawe machache: “Asante kwa kuniambia. Hujakosea.” Kisha uliza maswali yanayomwachia nafasi ya kusema mwenyewe, kama vile “Niambie ilikuwaje,” au “Baada ya hapo ikawaje?” Usimtajie mtu, mahali wala tendo ambalo yeye hajalitaja. Akinyamaza, nawe nyamaza. Ukimya wa mtoto una muda wake, na mwalimu anayeujaza kwa maneno yake anaandika simulizi yake mwenyewe.

Watoto wetu wengi hawana majina ya wazi ya viungo vyao, wala hawajaruhusiwa kuyatamka. Watasema “tabia mbaya,” “mchezo mbaya,” “alinifanyia vibaya,” au watatumia neno la nyumbani kwao ambalo wewe hulijui. Usimsahihishe wala usimkemee kwa neno chafu. Muulize kwa utulivu, “Tabia mbaya ndiyo kufanyaje?” na jibu lake ulipokee lilivyo. Ukishajua kwamba amedhurika, aliyefanya ni nani kwa maneno yake, na kama leo akirudi nyumbani atakuwa salama, inatosha. Mahojiano ya kina ni kazi ya polisi na ustawi wa jamii, na kila mara mtoto anaporudishwa mwanzo anaumizwa upya.

Usimwahidi kuwa hutamwambia mtu yeyote. Ahadi hiyo ni tamu kuitoa lakini utalazimika kuivunja, na mtoto aliyevunjiwa ahadi na mtu wa pili hatamwendea wa tatu. Mwambie ukweli: “Kuna watu wachache ambao kazi yao ni kulinda watoto, nitawaambia wao ili wakusaidie. Darasani hatajua mtu.”

Kwa mtoto kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama asiye wa familia yake, kwa kuwa mara nyingine ndugu anayetafsiri ndiye anayeficha. Mtoto mwenye ulemavu wa akili naye asikilizwe kwa uzito uleule, hata kama maneno yake yanakuja vipande vipande.

Kuandika

Andika ndani ya saa hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, kwenye kaunta buku na si kwenye simu. Weka tarehe, saa, mahali mlipokaa, maswali uliyouliza na majibu ya mtoto kwa maneno yake yenyewe. Kama alisema “tabia mbaya,” andika “tabia mbaya,” usiandike “kubakwa” au “kulawitiwa,” maana hayo ni maneno ya sheria na yana watu wa kuyathibitisha. Eleza ulichokiona kwa macho: michubuko, nguo iliyochanika, namna anavyotembea. Maoni yako yatenge na maneno yake. Usipige picha mwili wa mtoto kwa simu yako kwa sababu yoyote ile. Daktari ndiye atakayemchunguza na kujaza matokeo.

Uangalifu huu una faida ya moja kwa moja mahakamani. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na kutosema uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli. Maandishi yako ya siku ile, yasiyotiwa chumvi, ndiyo yanayoonyesha kwamba maneno anayoyasema leo si ya kufundishwa.

Kufikisha taarifa

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa husika. Kwa hiyo mwalimu haombi ruhusa ya kutoa taarifa, wala mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumzuia. Mwalimu wa malezi amjulishe mwalimu mkuu siku hiyohiyo, kisha taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na jina la aliyeipokea na saa aliyoipokea viandikwe.

Usikimbilie kumpigia simu mzazi kabla hujajua anayetuhumiwa ni nani. Kama mtoto amemtaja baba, baba wa kambo, mjomba au yeyote anayelala nyumba ile, ongea kwanza na ustawi wa jamii, kwa sababu simu yako ya saa sita mchana inaweza kumfanya mtoto asionekane shuleni kesho yake na kusafirishwa kwa bibi asikojulikana. Kama mtuhumiwa yuko nje ya nyumba, mzazi aitwe mapema, apokelewe kwa heshima, aelezwe akiwa ameketi, na asiachwe aondoke peke yake na hasira.

Utasikia maneno “tuyamalize nyumbani.” Yatakuja kutoka kwa wazee wenye nia njema, kutoka kwa mama anayetegemea mkono wa mtuhumiwa kwa chakula cha watoto wengine wanne, na pengine kutoka kwa kiongozi wa kitongoji. Mama wa namna hiyo asihukumiwe. Mwunganishe na ustawi wa jamii ili hofu yake ya njaa ipate mtu wa kuishughulikia. Lakini shule isikae kwenye kikao hicho, isishuhudie fidia, na isikubali ofisi yake itumike. Kubaka ni kosa la jinai ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hupewa kifungo cha maisha. Hakuna mbuzi wala bahasha inayolifuta.

Kama tendo limetokea ndani ya siku tatu, hospitali ndiyo jambo la haraka kuliko yote, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtoto asiogeshwe. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni unaotunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, inahitajika, lakini mtoto anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza na mtu mwingine aifuate fomu. Penye kituo cha mkono kwa mkono, anzia hapo, kwa kuwa daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja.

Mtuhumiwa akiwa mwalimu

Hili ndilo linalotugawanya katika chumba cha walimu, na nalisema bila kuzunguka. Kumhamisha mwalimu anayetuhumiwa ni kumpeleka kwa watoto wengine wasiomjua. Taarifa iende polisi kwa upande wa jinai na kwa mamlaka za nidhamu za walimu kwa upande wa kazi, naye aondolewe mahali anapokutana na mtoto huyo wakati uchunguzi unaendelea. Akiwa ndiye mwalimu mkuu, mwalimu wa malezi amwendee moja kwa moja afisa elimu kata, ustawi wa jamii au polisi. Mwenzetu ana haki ya kusikilizwa, na atasikilizwa na vyombo hivyo.

Mengi yanazuilika mapema. Mwanafunzi asitumwe peke yake nyumbani kwa mwalimu kuchota maji au kuosha vyombo. Masomo ya ziada yafanyike darasani, madirisha yakiwa wazi, wakiwa kundi. Mwalimu wa zamu azungukie vyoo na nyuma ya majengo wakati wa mapumziko, na vyoo vya wasichana viwe na milango inayofungwa kwa ndani. Dereva na msaidizi wa gari la shule, mlinzi, mpishi na muuza maandazi wa getini wajulikane kwa majina kamili na makazi yao. Viboko navyo vina mipaka: kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa vinne, kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa shule na kumbukumbu kuandikwa, kinachopita hapo ni ukatili, na mtoto anayepigwa ovyo na walimu hatawaletea walimu siri yake.

Mtoto akirudi darasani

Akirudi, apokelewe kama aliyetoka kuugua malaria: dawati lake lipo, jina lake halikufutwa kwenye rejista, na kazi alizokosa anapewa kidogo kidogo. Wanaojua wawe wale tu wanaohitaji kujua. Dawa za kinga humezwa kwa siku 28, hivyo mwalimu wa malezi afuatilie kwa upole na mzazi kama dozi inaendelea na tarehe za kliniki hazipitwi. Kesi ikipangwa, shule imruhusu mtoto kwenda bila kumwandikia utoro, na mtu mmoja anayemwamini, akiwemo mwalimu, amsindikize. Kesi huahirishwa, kila tarehe mpya iandikwe kwenye kaunta buku ileile.

Mwalimu wa malezi anapohamishwa, kaunta buku hiyo haibaki mezani wala haiendi naye. Anaikabidhi kwa maandishi kwa mwalimu anayemrithi, ukurasa wa mwisho ukiwa na tarehe, idadi ya mashauri ambayo hayajakwisha na saini za wote wawili, kisha anampeleka mrithi wake kwa kila mtoto mwenye shauri linaloendelea na kumwambia mtoto huyo kwamba kuanzia leo mtu wa kumwendea ni huyu.