Kumwinda Dubu Mkubwa kwa Upinde na Mbwa katika Milima ya Idaho: Hatua kwa Hatua

Mwezi Mei mpwa wangu alimpiga dubu wake wa kwanza kwa mshale katika milima ya Clearwater, safari ya nusu siku kwa gari kutoka Boise tunakoishi. Tangu siku hiyo vijana kadhaa wa jamii yetu ya Wakongo wameniomba niwaeleze tulivyofanya, na kwa kuwa nimekwisha kuyarudia maneno yaleyale kwenye simu mara nyingi, nimeona afadhali niyaandike. Mwongozo huu unamhusu dubu mweusi wa Marekani, upinde wa kapi, na mbwa waliofunzwa. Kwa anayetaka kuwinda kwa bunduki, hatua ya tano hapa chini itamfaa kidogo tu.

Hatua ya kwanza: vibali

Nunua leseni ya uwindaji, kibali cha dubu, na kibali cha kuwindia mbwa, ambacho hapa Idaho ni karatasi ya pekee na humhusu kila anayemiliki au kuwaongoza mbwa wanaofukuza mnyama. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada yake atatakiwa kuwa amesoma kozi ya uwindaji. Kijitabu cha kanuni kisome kwa wilaya, kwa sababu wilaya moja huruhusu mbwa na ya jirani yake huwakataza. Usidhani kwamba kinachoruhusiwa huku kinaruhusiwa ng'ambo ya mpaka: Oregon ilipiga marufuku kumfukuza dubu kwa mbwa mwaka 1994, na jimbo la Washington mwaka 1996, zote kwa kura ya wananchi.

Jifunze pia kumtambua dubu aina ya grizli, ambaye analindwa na sheria. Rangi haikusaidii kitu, kwa kuwa dubu mweusi wa Idaho anaweza kuwa wa kahawia au hata wa rangi ya asali. Tazama nundu ya mabegani, uso uliobonyea kama sahani, na kucha ndefu zilizopauka. Ukiona hayo, waite mbwa wako na uondoke.

Hatua ya pili: mbwa

Nilikokulia, mashariki ya Kongo, mbwa wa msituni habweki, ndiyo maana wawindaji humvalisha kengele ya mti shingoni wapate kujua alipo. Huku mambo ni kinyume: mbwa asiyebweka ni mzigo kwenye pikapu, maana sauti yake ndiyo inayokueleza kama ameshika harufu, kama anakimbia, au kama amesimama chini ya mti.

Mimi nafuga Plott, uzao ulioletwa North Carolina na mhamiaji wa Kijerumani mwaka 1750 na ambao tangu 1989 ndio mbwa rasmi wa jimbo hilo. Wenzangu wengi hupenda mbwa wa uzao wa Walker kwa sababu wana mbio, nami siwabishii, ila mbio hazimpandishi dubu mzito mtini. Dubu wa namna hiyo hupanda pale anapochoshwa na mbwa wanaomng'ata nyuma na kuruka pembeni bila kuacha kelele. Mbwa wanne au watano wanatosha. Wakizidi sita hugombania nafasi, na anayekosa nafasi ndiye mbwa anayepigwa kofi la dubu.

Funza mbwa mambo mawili kabla ya mengine yote: kuja anapoitwa, na kutulia anapofungwa. Asiyejua la pili hafai kabisa kwa uwindaji wa upinde, na sababu utaiona mbele.

Hatua ya tatu: upinde

Sheria ya Idaho inataka nguvu ya kuvuta isiyopungua ratili 40, chembe (yaani ncha ya chuma ya mshale) chenye upana usiopungua inchi 0.875, na mshale ambao pamoja na chembe chake hauko chini ya greni 300, yaani gramu 19 na ushei. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, na dubu hakijui. Mimi navuta ratili 60, na mshale wangu ni mzito kuliko ule niutumiao kwa kulungu. Chembe kiwe cha makali yasiyokunjuka, kilichonolewa hadi kinyoe malaika ya mkono. Vile vyembe vinavyofunguka vikigusa mnyama sivitaki, kwa kuwa manyoya na mafuta ya dubu huvipunguzia nguvu kabla ya kufika panapohusika.

Fanya mazoezi ya kupiga kwenda juu, siyo uwanjani peke yake. Vuta upote ukiwa umesimama kama kawaida, kisha pinda kiunoni kuelekea juu. Ukiinua mikono tu, umbo lako lote linaharibika na mshale unakwenda kusikojulikana.

Hatua ya nne: wayo na kuwaachia mbwa

Ondoka kabla ya alfajiri, wakati umande ungali umeishika harufu. Mwezi Mei dubu hula majani mabichi kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako theluji hutangulia kuyeyuka. Kwa hiyo pitia barabara za wakata magogo zilizo chini ya miteremko hiyo, mbwa mwenye pua kali akiwa juu ya sanduku la pikapu akinusa upepo.

Unapopata wayo, pima upana wa mguu wa mbele. Wazee wa kazi hii huchukua inchi za upana huo, wakaongeza moja, na jibu wakalisoma kama futi za ngozi iliyotandazwa. Wayo wa inchi 4 ni wa dubu wa kawaida. Wa inchi 5 na zaidi ni wa dume ambaye inafaa kumshughulikia.

Kabla ya kuwafungulia mbwa, zima injini na usikilize kwa dakika kumi nzima. Mbwamwitu 35 walirudishwa katika milima ya Idaho mwaka 1995 na 1996, wazao wao wameenea, na sauti ya mbwa wa kuwinda huwaita kama mwaliko wa karamu. Nikisikia mlio wao, au nikiona kinyesi chao kibichi barabarani, sifungui sanduku, hata kama wayo ni wa inchi 6.

Wavalishe kola za GPS, uwafungulie, kisha ufuate. Kola ikikuonyesha kwamba mbwa wote wamesimama mahali pamoja na wanabweka, una jambo moja kati ya mawili: dubu yuko mtini, au amesimama ardhini akipigana nao. Kwenye makorongo mawasiliano hukatika, basi panda kilimani uyatafute upya.

Ikiwa yuko ardhini, usipige mshale. Madume makubwa hufanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa ni wazito na hawaogopi mbwa. Wako wawindaji wanaochomeka mshale katikati ya mbwa wanaorukaruka. Mimi nasubiri apande, na asipopanda nawaita mbwa wangu nirudi nyumbani.

Hatua ya tano: chini ya mti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza, na kosa lenyewe lilinigharimu saa tisa na nusura linigharimu mbwa. Dubu alikuwa kiasi cha mita 10 juu ya msonobari. Nilisimama mita nne kutoka kwenye shina, mbwa wawili wakiwa bado hawajafungwa, nikapiga kuelekea juu karibu wima. Mshale uliingia chini ya kifua ukatokea karibu na uti wa mgongo, na katika safari hiyo ulipita kwenye pafu moja tu. Dubu mwenye pafu moja bado ni dubu. Alishuka kama gunia la mawe, akamrarua mbwa wangu jike ubavuni, akaingia kwenye kichaka cha bondeni, nasi tukamtafuta hadi usiku. Jike huyo alishonwa nyuzi kumi na saba.

Jambo la kwanza ni kufika taratibu. Dubu mkubwa hapandi juu sana. Mara nyingine hukaa mita tatu au nne tu, na akisikia binadamu wanaongea na kuvunja matawi huruka chini, mbio zikaanza upya. Njoo kimya, bila kukimbia, hata kama umepanda korongo kwa saa mbili na moyo unakudunda masikioni. Kaa chini mpaka pumzi itulie.

Jambo la pili ni kuhakikisha ni nani aliye juu. Angalia miti ya jirani yote, kwa kuwa watoto huweza kupanda mti mwingine, na kumpiga jike aliye na watoto ni kosa la jinai, achilia mbali ubaya wake. Tazama masikio: dubu mdogo huonekana kama mwenye masikio makubwa, ilhali dume kubwa masikio yake huonekana madogo na yamekaa pembeni ya kichwa. Dubu wengi tunaowapandisha mtini tunawaacha hapohapo.

Jambo la tatu ni kuwafunga mbwa, wote, kabla mshale haujawekwa kwenye upote. Kila mmoja afungwe kwenye mti wake, kwa mnyororo, kwa sababu kamba wataikata kwa meno. Yapo mawazo kwamba mmoja aachwe huru ili dubu asishuke; aliyenifundisha alikuwa na mawazo hayo, nami niliyafuata mpaka siku ile ya nyuzi kumi na saba. Wafunge umbali wa mita 30 hivi, lakini mahali ambapo dubu anawaona, nao wanamwona na kuendelea kumbwekea. Wala usiwafunge upande wa bondeni, kwa kuwa dubu aliyejeruhiwa hukimbilia bondeni. Wakae ubavuni, usawa wa mlima uleule ulipo mti. Faida ya mpango huu niliielewa kwa kuchelewa: dubu hugeuza kichwa awatazame mbwa, na mpiga mshale aliyesimama upande wa mlimani anapewa ubavu.

Hilo linanileta kwenye jambo la nne, nalo ni pa kusimama. Mti umeota kwenye mteremko, basi utumie mteremko huo. Ukiwa kwenye mwinuko wa digrii 30 na ukapanda mita 15 kutoka kwenye shina, miguu yako imeinuka mita saba na nusu. Ongeza kimo chako, na dubu aliye mita 10 juu ya mti yuko mita moja tu juu ya macho yako. Mshale sasa unakwenda karibu usawa, unapita mapafu yote mawili, na tatizo langu la mwaka wa kwanza limekwisha bila kununua kifaa chochote. Matawi yatakuzuia mara kwa mara. Zunguka, shuka hatua mbili, panda tatu, mpaka upate dirisha. Tumetumia dakika arobaini kulitafuta dirisha hilo, na dubu alikuwa akitutazama muda wote. Watu wengine wote wakae nyuma ya mpiga mshale.

Jambo la tano ni kusubiri. Dubu anayekumbatia shina huonyesha mgongo, na mgongo haupigwi. Hapo ndipo mpwa wangu aliponiuliza kwa kunong'ona, upote ukiwa tayari umevutwa, "Mjomba, sasa?" Nikamwambia bado, alegeze. Aliuliza tena, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu mbwa mmoja alilia kwa nguvu, dubu akageuka, akainua mkono wa mbele kushika tawi la juu, ubavu ukafunguka kuanzia kwapani. Safari hiyo hakuuliza.

Lenga nyuma kidogo ya bega, karibu theluthi ya kwanza kutoka chini ya mwili. Kumbuka kwamba manyoya ya tumboni huning'inia, kwa hiyo chini unakokuona siko chini kwenyewe. Inua shabaha yako kidogo kuliko jicho linavyokuambia.

Hatua ya sita: baada ya mshale

Usimfungue mbwa yeyote. Dubu akianguka chini ya mti, subiri, mshale wa pili ukiwa mkononi. Akikimbia, tazama saa na uhesabu dakika 30. Mafuta na manyoya huziba tundu, hivyo damu ardhini inaweza kuwa matone machache tu hata kama pigo ni zuri. Ndiyo maana napenda mshale utokee upande wa pili na uache tundu la chini. Mfuate kwa mbwa mmoja aliyefungwa kamba, mzee na mtulivu kuliko wote.

Hatua ya saba: nyama, ngozi na fuvu

Mchune mapema, kwa kuwa ngozi nzito hutunza joto na nyama huharibika. Nyama ya dubu inaweza kuwa na minyoo ya trikinela, ambayo jamii zake za huku kaskazini hazifi kwa baridi ya friza, wala kuikausha nyama kwa moshi hakutoshi. Ipikwe mpaka ndani ifike nyuzijoto 71 za Selsiasi. Sisi huipika kama nyama ya nguruwe wa mwituni, kwenye moto mdogo kwa saa tatu, na mafuta yake tunayayeyusha kwa kukaangia maandazi.

Ndani ya siku 10 peleka ngozi na fuvu kwenye ofisi ya Idara ya Samaki na Wanyamapori. Huko watang'oa jino dogo ili umri wa dubu usomwe kwenye tabaka zake, kwa hiyo fuvu lisiwe limeganda. Letu lilikuwa limeganda, nasi tulikaa kwenye maegesho ya ofisi nusu ya asubuhi, fuvu likiwa juu ya boneti ya gari, tukisubiri jua.