SOMO: Jinsi ya kuwafanya wanafunzi wa uhandisi wafikiri wenyewe maabara, waache kupika data

Habari zenu wakuu. Hili ni kwa sisi tunaosimamia praktiko za mwaka wa kwanza na wa pili. Natumia jaribio moja tu, la kuchemsha maji, maana kwa huku Mbeya linawaumbua wengi.

Hapa tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama kilopaskali (kPa) 83 wakati pwani ni 101.3, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sasa kusanya ripoti uone, mtu kaona 94 kwa macho yake halafu kaandika 100 kwa sababu kitabu ndo kimesema. Inaniuma sana hii, maana huyo kesho ndo tunampa ujenzi wa daraja asimamie.

Hatua ya 1: Ondoa jibu kwenye karatasi ya maelekezo, bakiza swali. "Maji ya hapa Iyunga, Mbeya, yanachemka nyuzi ngapi na utajuaje?"

Hatua ya 2: Kabla hajagusa kifaa aandike anachotarajia na sababu, kwa peni, kila mtu ya kwake sio ya grupu.

Hatua ya 3: Hapa ndo kazi ilipo. Atakuita "mwalimu hii themomita mbovu", usimjibu, muulize utathibitishaje kama mbovu, halafu nyamaza kweli kweli hata kama unawashwa kusema. Akikwama kabisa mpe barafu. Kwenye barafu inayoyeyuka itasoma 0, sababu mwinuko hauigusi hiyo kwa kiasi cha kuonekana, basi themomita ni nzima na yeye kabaki na 94 yake mkononi, lazima aanze kuifikiria hewa. Kuna atakayesema ndo maana maharage ya huku yanachelewa kuiva kuliko ya Dar, mwache aendelee hapo hapo.

Hatua ya 4: Maksi ziende kwenye utetezi wa matokeo. Usipogusa maksi hizo hatua nyingine zote bure.

MASWALI

– Mkuu darasa langu watu 120, vifaa sita, huo muda wa kunyamaza nautoa wapi?
– Punguza idadi ya majaribio mkuu, machache yaliyofikiriwa yanatosha. Na hatua ya 2 waifanyie nje wakisubiri zamu.

– Shikamoo mwalimu, sisi wa umeme je?
– Marahaba. Rezista ya omu 1,000 yenye mstari wa rangi ya dhahabu inaruhusiwa asilimia 5 juu au chini, ukipima 968 andika 968. Ukipata 700 usiifute, itoe kwenye saketi uipime peke yake, huenda kuna nyingine imeungwa sambamba nayo.

– Kuwaachia hivyo si hatari?
– Usalama hauachiwi mtu kaka. Umeme mkubwa, mashine, kemikali, unawaelekeza mwanzo na unasimama pale pale. Wanachoachiwa ni kutafuta kwa nini namba imetoka hivyo.