Kumzoesha Mbwa Mzee Kuishi na Mtoto wa Mbwa

Katika nyumba nyingi za Tanga mbwa hufugwa uani: mchana hufungiwa bandani, na usiku hufunguliwa alinde. Mbwa aliyeishi hivyo kwa miaka minane au tisa ana mali yake anayoijua vyema, yaani banda, bakuli, kivuli cha mwembe, mahali pake pa kulala karibu na geti, na saa ile anayoletewa chakula. Mtoto wa mbwa huletwa mara nyingi kwa sababu mzee ameanza kuchoka na ulinzi unahitaji mrithi, na hapo ndipo mzee anapoona mali hiyo ikichukuliwa kidogo kidogo na mgeni asiyejua adabu. Kazi kubwa ya mfugaji ni kumpa mtoto vitu vyake mwenyewe, ili mzee asipoteze chochote alichokuwa nacho.

Maandalizi huanza kabla mtoto hajafika. Usimchukue kwa mama yake kabla hajatimiza wiki 8, hata kama muuzaji anasisitiza kwamba tayari anakula ugali, kwa sababu ni mama na ndugu zake wanaomfundisha kupunguza nguvu ya meno na kuelewa maana ya kufukuzwa. Hakikisha amepewa dawa ya minyoo, hana kupe wala viroboto, na ameanza chanjo ya parvo (ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa), ambayo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa kuanzia wiki 12. Mzee naye akaguliwe na daktari wa mifugo, kwa kuwa mbwa anayeumwa viungo, meno au masikio huwa mkali kwa yeyote anayemparamia, na ukali huo hauponi kwa mafunzo. Wala usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kumuua.

Ushauri uliozoeleka ni kuwakutanisha mbwa mahali ambapo hakuna kati yao anayepaona ni pake, na ni ushauri mzuri, lakini kwa mazingira yetu unahitaji marekebisho. Kumpeleka mtoto ambaye hajamaliza chanjo ufukweni Raskazone au kwenye kiwanja wanapozurura mbwa wa mitaani ni kumtafutia parvo, kwani virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi. Afadhali uazime ua wa jirani ambao haujawahi kuwa na mbwa mgonjwa, au umbebe mtoto mikononi huku mtu mwingine akitembea na mzee kwa kamba barabarani mbele ya nyumba, kisha wote mwingie getini pamoja, mzee akiwa ametangulia. Chagua saa za asubuhi na mapema au jioni baada ya jua kupungua makali, hasa katika miezi ya kaskazi, maana joto la adhuhuri hupunguza uvumilivu wa mbwa kama linavyopunguza wa watu.

Wakifika uani, mtoto awe upande wa pili wa wavu au mlango wa banda, na waachwe wanusane hapo kwa siku kadhaa. Badilishaneni matandiko yao: gunia alilolalia mtoto liwekwe karibu na mzee, na la mzee lipelekwe kwa mtoto. Mzee akiweza kulala kwa utulivu huku mtoto akilialia ng'ambo ya wavu, wafungulie pamoja kwa dakika chache, mtu mzima akiwapo, kisha watenganishe kabla hawajachoshana. Kwa kuwa mtoto hulala sehemu kubwa ya siku, vipindi hivi vifupi havimnyimi kitu.

Jambo linalowasumbua wafugaji wengi ni mzee kunguruma, nao hukimbilia kumkemea au kumpiga. Hilo ndilo kosa lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa kuwa mngurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Ukimwona mzee anageuza uso, analamba midomo, anapiga miayo bila usingizi au anaonyesha weupe wa macho, mwondoe mtoto mara moja. Mzee akinguruma, akambana mtoto chini kwa sekunde chache bila kumjeruhi, kisha akamwachia na kwenda zake, hiyo ni adabu ya kawaida na isiingiliwe. Dalili za hatari ni nyingine: mwili kukakamaa, macho kumkazia mtoto bila kupepesa, kumfuata hata anapokimbia, au kumuuma na kumtikisa. Hapo watenganishe kabisa na umwite daktari wa mifugo akushauri.

Chakula kitolewe mbalimbali, mzee akianza, na sufuria ziondolewe wakishamaliza, kwani ugomvi mwingi huzuka juu ya mabaki ya dagaa au mfupa uliosahaulika. Mtoto apate banda lake, hata kama la mzee lina nafasi ya kutosha. Usiku asiachiwe pamoja na mzee mpaka awe mkubwa wa kujitetea na wawe wamezoeana mchana bila msimamizi. Watoto wa nyumbani pia waelekezwe, maana wao ndio hummiminia mgeni mapenzi yote huku mzee akitazama. Matembezi ya jioni ya mzee na mwenye nyumba, peke yao, yaendelee kama zamani.

Wengine huzoeana baada ya wiki chache, na wengine huhitaji miezi. Hata wakielewana mapema, uangalizi usilegezwe mtoto anapobalehe, kuanzia miezi 6 hivi, hasa ikiwa wote ni wa jinsia moja, kwa sababu wakati huo mzee huacha kumvumilia kama mtoto. Zungumza na daktari kuhusu kuhasi kabla ya umri huo, na uendelee kuwalisha mbalimbali hata kama hawajawahi kugombana.