Mantiki ya muda katika vipimo vya ubora vya hospitali: jinsi ya kuisoma na kuijaribu

Kipimo cha kielektroniki, yaani kanuni ya kompyuta inayosoma rekodi za hospitali kupima ubora wa huduma, kikitoa jibu linalopingana na jalada la mgonjwa, wengi hukimbilia kukagua misimbo ya magonjwa na dawa. Mimi huanza na saa. Misimbo ikikosewa, namba huharibika waziwazi na kila mtu anashtuka. Muda ukikosewa, ripoti hubaki inapendeza, na mgonjwa aliyecheleweshewa dawa anahesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa vizuri.

Nitatumia kipimo cha kweli: CMS72, kinachoitwa pia STK-5. Hutumiwa na CMS, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya. Kinauliza: je, mgonjwa aliyelazwa kwa kiharusi cha mshipa kuziba alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda kabla siku ya pili ya hospitali haijaisha? Tangu mwaka wa taarifa wa 2019, vipimo hivi vimekuwa vikiandikwa kwa CQL, lugha ya shirika la viwango la HL7, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Mgonjwa wetu ni wa kubuni, yuko Chicago:

- 1 Machi 2024, 23:40: anafika idara ya dharura
- 2 Machi, 01:05: dharura wanafunga hudhurio lake (rekodi ya muda aliohudumiwa hapo)
- 2 Machi, 01:20: analazwa wodini
- 3 Machi, 08:00: anapewa aspirini, dozi ya kwanza

Andika saa kwa mfumo wa saa 24, hata kwenye karatasi ya rasimu. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi tukimaanisha 08:00 tuna sababu ya ziada: anayejaza fomu kwa haraka anaweza kuandika 02:00, na mfumo hautamuuliza kitu.

Hatua ya 1: Jua saa inaanza kuhesabiwa wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Ukianza kuhesabu alipolazwa wodini, siku ya kwanza ni tarehe 2 na ya pili ni tarehe 3. Aspirini ya saa 08:00 imewahi. Ukianza alipokanyaga dharura, siku ya kwanza ni tarehe 1, iliyobakiza dakika 20 tu, na siku ya pili inaisha usiku wa kuamkia tarehe 3. Aspirini imechelewa kwa saa nane. Ni mgonjwa yuleyule na dozi ileile.

CMS72 huanza na kufika. Ili kufanya hivyo hutumia fanksheni iitwayo HospitalizationWithObservation, inayounganisha kulazwa na hudhurio la dharura au la uangalizi lililotangulia. Sharti lake ni kwamba hudhurio la kwanza liwe limeisha saa moja au pungufu kabla ya linalofuata kuanza. Kwetu pengo ni dakika 15, kwa hiyo yanaungana na saa inaanzia 23:40. Mgonjwa hakufikia kipimo, na hilo ndilo jibu sahihi.

Sasa sogeza namba moja. Tuseme karani wa dharura alifunga hudhurio saa 00:10. Pengo linakuwa dakika 70, kiungo kinakatika, saa inaanzia 01:20, na mgonjwa anafikia kipimo. Au tuseme alichelewa kulifunga, akalifunga 01:30, wodi ikiwa imeshafungua lake. Hapo hudhurio la dharura limeisha baada ya kulazwa kuanza, na sharti linasema kabla au wakati uleule. Kiungo kinakatika tena, na tena mgonjwa anafikia kipimo. Makosa yote mawili yanaipendelea hospitali, ndiyo maana hakuna anayelalamika. Kabla ya kuamini asilimia yoyote, toa orodha ya waliolazwa kupitia dharura ambao mahudhurio yao hayakuungana, upitie mmoja mmoja.

Hatua ya 2: Hakikisha ni muda wa tukio lenyewe

Dozi moja ina angalau nyakati tatu: daktari alipoiagiza, muuguzi alipoitoa, na ilipoandikwa kwenye mfumo. CMS72 inataka ya kutolewa. Ukikuta sehemu ya data inayosomwa na kipimo imechukua muda wa kuagiza, simama hapo hapo urekebishe. Hatua zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya 3: Tenganisha siku za kalenda na saa 24

Toka 23:40 ya tarehe 1 hadi 08:00 ya tarehe 3 ni saa 32 na dakika 20. CQL ina njia mbili za kuzigeuza kuwa siku:

```
days between Kufika and Dozi
// jibu: 1

difference in days between Kufika and Dozi
// jibu: 2
```

Ya kwanza huhesabu vipindi kamili vya saa 24. Ya pili huhesabu umevuka usiku wa manane mara ngapi. Kipimo chetu kinaongea kalenda, kwa hiyo kipindi kinachokubalika ukikiandika mwenyewe kitafanana na hiki:

```
define "Siku Mbili za Kwanza":
  Interval[date from Kufika,
           (date from Kufika) + 1 day]
```

Kalenda ina upungufu wake, na ni vizuri madaktari waambiwe. Anayefika 00:05 ana karibu saa 48 za kupewa dawa. Anayefika 23:55 ana saa 24 na dakika tano. Mimi naukubali upungufu huo, kwa kuwa tarehe huandikwa kwa uhakika kuliko dakika, lakini usiitumie ripoti hii kulinganisha kasi ya zamu ya usiku na ya mchana.

Usibadilishe `+ 1 day` kuwa `+ 24 hours` pia. Tarehe 10 Machi 2024 Chicago ilisogeza saa mbele, na siku hiyo ilikuwa na saa 23.

Hatua ya 4: Tazama mabano na nafasi zilizo wazi

Mabano ya mraba hujumuisha ukingo, ya duara huuacha nje. Mwisho usiojazwa, ambao CQL huuita null, nao hutegemea mabano: `[mwanzo, null]` husomwa kama kipindi kisicho na kikomo, ilhali `[mwanzo, null)` ni kipindi ambacho mwisho wake haujulikani. Dozi iliyoandikwa tarehe bila saa, ikilinganishwa kwa saa na tukio la siku hiyohiyo, haileti ndiyo wala hapana. Inaleta null, na `where` huitupa rekodi kimyakimya. Ukilinganisha kwa `day of`, jibu linapatikana.

Hatua ya 5: Kagua ukanda wa saa

Machi mosi Chicago iko saa sita nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Mfumo ukikata tarehe kwa UTC, 23:40 ya tarehe 1 inakuwa 05:40 ya tarehe 2. Aspirini inabaki tarehe 3, na mgonjwa wetu anafikia kipimo bila mtu kugusa kanuni. Nairobi na Dar es Salaam, saa tatu mbele ya UTC, mambo yanageuka: anayefika 01:00 usiku anarudishwa siku ya nyuma, na aliyepewa dawa kwa wakati anaweza kuonekana amechelewa.

Hatua ya 6: Jaribu kingoni

Tengeneza wagonjwa wa majaribio, kwenye MADiE, zana ya kuandikia na kujaribia vipimo hivi, au kwenye programu yenu inayoendesha CQL, na kila mmoja akae juu ya mpaka:

- Dozi saa 23:59:59 ya siku ya pili: anafikia.
- Dozi saa 00:00:00 ya siku ya tatu: hafikii.
- Dharura imefungwa dakika 60 kamili kabla ya kulazwa: yanaungana. Dakika 61: hayaungani.
- Dharura imefungwa dakika kumi baada ya kulazwa: hayaungani.
- Amelazwa 28 Desemba 2023, ameruhusiwa 3 Januari 2024: ni wa mwaka 2024, kwa sababu kipimo huangalia tarehe ya kuruhusiwa.

Andika jibu unalotarajia kabla ya kuendesha. Yule ambaye dharura ilifungwa baada ya kulazwa akitoka kama ulivyotarajia, kanuni iko sawa na kazi iliyobaki ni ya watu: mpelekee msimamizi wa dharura orodha ya mahudhurio yaliyofungwa baada ya wodi kufungua, mkubaliane nani anafunga, na wakati gani.