Huduma ya kiroho kwa mateka wa vita walio ugenini: mwongozo kwa mapadri, wachungaji na masheikh

Kambi ya mateka ina mwenyewe, na mwenyewe ni jeshi. Wengi huharibu kazi siku ya kwanza kwa kufika langoni na Biblia au Msahafu bila kujua sheria inawapa nini na inawanyima nini. Kwanza soma Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ibara ya 33 hadi 37. Ni kurasa chache tu.

Ibara hizo zinataja watu wa aina tatu. Kasisi wa jeshi aliyekamatwa pamoja na askari wake hahesabiwi kuwa mateka. Anabakizwa ili awahudumie wenzake, hapangiwi kazi nyingine, na lazima apewe usafiri wa kuwatembelea walio hospitalini au kwenye vikosi vya kazi nje ya kambi. Padri au imamu aliyekamatwa akiwa askari wa kawaida ni mateka, ila ana ruhusa ya kuhudumia watu wa dini yake na anasamehewa kazi nyingine. Wakikosekana wote hao, mateka wanaweza kuomba kiongozi wa dini yao au ya madhehebu yaliyo karibu, au hata mlei (muumini asiye kiongozi wa dini) mwenye sifa, na jeshi linalowashikilia ndilo linaloidhinisha. Wewe unayetoka nje uko katika kundi hili la tatu, kwa hiyo usijipeleke. Mwakilishi wa mateka, yule waliyemchagua kwa kura ya siri, aandike ombi, kisha askofu wako au baraza lako la masheikh liandike kukutambua.

Tahadhari kwa walioko penye vita vya ndani ya nchi: sheria haimpi aliyekamatwa huko hadhi ya mateka wa vita. Analindwa na ibara ya 3 inayofanana katika Mikataba yote minne ya Geneva. Pale Itifaki ya Pili ya 1977, nyongeza ya Mikataba hiyo kuhusu vita vya ndani, inapotumika, ibara yake ya 5 inampa nafasi ya kufuata dini yake na kupata msaada wa kiroho akiomba. Jenga hoja yako hapo. Ukimtajia kamanda anayejua sheria ibara ya 34 ya Mkataba wa Tatu, ile ya uhuru wa dini kwa mateka wa vita, atakumaliza kwa sentensi moja.

Kikao na mkuu wa kambi kiwe kimoja, na mtoke na maandishi: siku na saa za ibada, chumba, orodha ya vitu unavyoruhusiwa kuingiza, na kama mlinzi atasimama mbali asisikie mazungumzo. Ibara ya 53 ya Mkataba wa Tatu inawapa mateka wanaofanya kazi saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, ikiwezekana Jumapili au siku ya mapumziko ya kwao. Itumie kupata siku ya ibada bila kugombania ratiba ya kazi.

Mahali pasikuumize kichwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mateka wa Kiitaliano katika kisiwa cha Lamb Holm, Scotland, waliunganisha mabanda mawili ya bati wakapata kanisa, na vinara vya mishumaa wakavitengeneza kwa makopo ya nyama. Kule Mai Mahiu, Kenya, Waitaliano waliokuwa wakijenga barabara walijenga kikanisa ambacho kipo hadi leo.

Vitu vya ibada ndivyo vinavyoleta ugomvi. Divai hukataliwa kwa sababu ni kileo, basi eleza kipimo: kijiko kimoja cha mezani kwa Misa, yaani chupa ya mililita 750 inatosha Misa 50, nayo ifungiwe ofisini kwa mkuu wa kambi. Hostia ni unga wa ngano na maji tu. Kwa Waislamu, pima kibla kwa dira, uweke alama ya kudumu sakafuni, na uhakikishe kuna maji ya udhu; yakikosekana watatayamamu, yaani watajitwaharisha kwa udongo safi. Kabla ya Ramadhani kaa na wapishi, maana chakula cha mchana kisipohifadhiwa kwa ajili ya futari na daku, anayefunga atashinda na kulala na njaa. Daktari naye apewe majina ya wagonjwa wanaotaka kufunga.

Ibada ni sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kumsikiliza mmoja mmoja. Kambi ya watu 240, ukiongea na 12 kwa siku, dakika 20 kila mmoja, siku tano kwa wiki, itakuchukua wiki nne kuwafikia wote. Panga hivyo, na uende kwa orodha ya mabanda. Ukisubiri wajitokeze utawaona wacha Mungu walewale, na aliyejikunja kitandani hutamwona kamwe. Usimuulize kikosi chake, silaha, wala alikamatiwa wapi. Hata swali la upole la aina hiyo linanuka mahojiano, na habari hufika mabanda yote kabla hujatoka getini. Usiandike alichokuambia.

Mkalimani ni mtihani. Mlinzi hafai. Mateka mwenzake hafai kwa maungamo, hasa wakiwa wa vyeo tofauti. Heri lugha yako mbovu mkiwa wawili peke yenu.

Utaombwa utoe barua nje ya kambi kwa siri. Kataa, hata kama ni mistari miwili kwa mama mgonjwa. Ikikamatwa moja, kambi nzima inapoteza huduma. Badala yake hakikisha alijaza kadi ya kutekwa, ile ya kuwajulisha ndugu kwamba amekamatwa, ambayo anapaswa kuruhusiwa kuiandika ndani ya wiki moja baada ya kufika kambini, na kwamba anapata angalau barua mbili na kadi nne kwa mwezi. Nyumbani kukiwa kimya, mwelekeze kwa wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Wao wana haki ya kuzungumza naye bila shahidi.

Usimwahidi mtu tarehe ya kurudi. Italia ilisitisha vita na Washirika, yaani Waingereza, Wamarekani na wenzao, Septemba 1943, lakini Waitaliano wengi waliokuwa Kenya walikaa kambini hadi 1946, huku wakigawanyika kati ya waliokubali kushirikiana na Waingereza na waliokataa. Mgawanyiko wa namna hiyo utakukuta. Ukila na upande mmoja, mwingine hautakuja kwako. Kipindi cha hatari ya mtu kujiua ni baada ya habari ya msiba au ya mke kuolewa. Siku hizo rudi jioni.

Kuhusu mahubiri: Zaburi ya 137, wimbo wa Wayahudi waliohamishwa Babeli, huombwa sana. Mwisho wake ni kisasi kitupu, basi amua mapema utaishia mstari gani, au usome wote na mzungumze.

Akifa mtu, ibara ya 120 ya Mkataba wa Tatu inadai azikwe kwa heshima, kwa taratibu za dini yake ikiwezekana, katika kaburi lake mwenyewe isipokuwa hali ilazimishe la pamoja. Maiti haichomwi ila kwa sababu kubwa za kiafya, dini yake, au matakwa yake. Simama hapo mpaka jina lake liandikwe kwa tahajia sahihi kwenye kaburi na kwenye daftari, maana karani wa ugenini hukosea majina, na ndugu watatafuta kwa jina la kwao.

Kambi ikifungwa, daftari la ubatizo, ndoa na mazishi linakiliwe mara mbili: nakala moja jimboni au msikitini kwako, nyingine iende na kasisi wa mateka anaporudi kwao.