Kupima presha ya macho kituoni na kumtumia bingwa picha

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Kituo cha afya kilicho mbali na bingwa kinaweza kuigundua mapema kikifuata mpangilio wa vipimo, kwa sababu dawa ya kupanua mboni ikitangulia huvuruga vingine.

Anza na chati ya E ya kupima uoni, jicho moja moja. Kisha, chumba kikiwa na giza, hamisha tochi kutoka jicho hadi jicho: mboni ikitanuka inapomulikwa, huenda neva ya jicho la upande huo, inayopeleka uoni kwenye ubongo, imeumia zaidi. Ndipo upime presha ya ndani ya jicho na uandike saa, maana hupanda na kushuka ndani ya siku. Kawaida ni 10 hadi 21 mmHg (milimita za zebaki), lakini mwenye 17 usimruhusu aende hivi hivi. Wengi wana glakoma na presha yao haivuki 21. Kwa hao, picha ya neva nyuma ya jicho ndiyo kipimo.

Kabla ya kutia tropikamaidi, dawa ya kupanua mboni, mulika kutoka upande wa sikio. Sehemu ya rangi iliyo upande wa pua ikiwa na kivuli, nafasi ya mbele ya jicho ni finyu: usitie dawa, andika rufaa. Wengine tone moja, dakika 20 hadi 30.

Piga picha mbili kila jicho, kichwa cha neva (pale neva inapoungana na jicho) kikiwa katikati na mishipa midogo ikionekana. Picha zote zikiwa na ukungu, futa lenzi ya kamera kwanza. Ukibaki, huenda ni mtoto wa jicho, na bingwa aambiwe. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hubanwa, na ukingo wa kikombe cha neva (shimo la katikati ya kichwa chake), ambao bingwa ndio anaoutafuta, hufifia. Andika kulia au kushoto, namba ya faili badala ya jina, umri, uoni, presha, na kama ana pumu, kwani timololi, dawa ya matone ya glakoma, humbana kifua mwenye pumu.

Jicho jekundu lenye maumivu makali, uoni wa ukungu na kutapika halisubiri jibu la simu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mpango huu hufia zaidi baada ya jibu kufika: mgonjwa hapatikani. Chukua namba mbili, yake na ya jirani au mtoto wake, mpe tarehe ya kurudi kabla hajaondoka, na umwambie aje na kaka na dada zake wa damu waliofika miaka 40, kwani glakoma hutembea katika ukoo.